Wingu Linalotokea Magharibi: Somo la Kusoma Mbingu ya Mara



Somo letu la mwezi huu linatoka katika Injili ya Luka, sura ya 12, mstari wa 54 na wa 55. Yafaa kila mmoja afungue Biblia yake na kuisoma mistari hiyo kabla ya kuendelea. Hapo Bwana wetu anazungumza na makutano juu ya jambo walilolijua tangu utoto wao, yaani namna ya kutambua mvua kwa wingu la magharibi, na namna ya kutambua joto kwa upepo wa kusini. Wahubiri wengi hupita hapo kwa haraka ili wafike kwenye mstari wa 56, ambao ndio wenye karipio. Mimi niliyefundisha jiografia miaka mingi, na kuwafundisha walimu namna ya kuifundisha, naomba ruhusa tukae kidogo kwenye ile mistari miwili ya kwanza. Maana karipio lile lisingekuwa na nguvu kama watu wale wasingekuwa wanajua kweli. Walikuwa wakulima, wachungaji na wavuvi. Wengi wao hawakushika kalamu maishani mwao, lakini mbingu ya nchi yao waliisoma vizuri.

Basi swali letu ni hili: sisi wa Butiama, Musoma na Bunda, mbingu yetu twaisoma? Na ile kanuni ya wingu la magharibi, ukiichukua kama ilivyo ukaileta huku Mara, itakufaa au itakupoteza?

KULE PALESTINA

Nchi ya Palestina ina bahari kubwa upande wa magharibi, ile Bahari ya Kati, na upande wa kusini na mashariki ina jangwa. Mvua yao hunyesha katika majira ya baridi, tangu Oktoba hivi mpaka Aprili. Miezi ya joto haina mvua, na mbingu hukaa wazi siku baada ya siku. Upepo wa majira ya baridi hutoka baharini ukiwa umebeba unyevu mwingi. Ukifika kwenye milima ya Yudea hulazimika kupanda, na hewa ikipanda hupoa, ikipoa haiwezi tena kushika unyevu wake, nao huanguka kama mvua. Ndiyo sababu mtumishi wa Eliya, katika 1 Wafalme sura ya 18, alitumwa kutazama upande wa bahari wala si upande mwingine. Eliya alijua mvua ya nchi yake hupita mlango gani. Upepo wa kusini nao hutoka jangwani. Hauna cha kuleta ila joto na vumbi.

Hapa naweka neno moja kwa wale wanaopenda kusoma kwa makini. Watafsiri wetu walipokutana na mvua za Palestina walitumia maneno yetu wenyewe, vuli na masika. Siwalaumu, kwani maneno hayo mkulima anayaelewa mara moja. Lakini msomaji wa Mara aweza kudhani kwamba kule nako kuna mvua mbili zenye kiangazi kidogo katikati, kama huku. Sivyo. Kule ni msimu mmoja wa baridi wenye mwanzo na mwisho. Mvua ya mwanzo hulainisha udongo ili watu walime na kupanda, na ile ya mwisho hujaza masuke kabla ya mavuno.

Tena yatazame mambo haya. Yerusalemu, iliyo juu mlimani, hupata mvua ya milimita 550 hivi kwa mwaka. Shuka mpaka Yeriko, mwendo wa kilomita 25 tu kwa mstari ulionyooka, utakuta mvua haifiki hata nusu ya hiyo. Upepo uleule uliopanda mlima ukatoa maji, sasa unashuka upande wa pili. Na hewa inayoshuka hupata joto na kukauka, mawingu yakayeyuka mbele ya macho ya mtu. Jangwa la Yudea limezaliwa hivyo, mgongoni mwa mlima wenye mvua.

Tusidhani kwamba jambo hilo ni la nchi za mbali. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hupanda nyanda za juu za Ngorongoro na kuzinywesha, hata kuna misitu yenye ukungu huko juu. Ukishuka upande wa Olduvai umekwisha kukauka, na mbuga za kusini mwa Serengeti hupata mvua haba. Kadiri unavyokuja huku kwetu, kaskazini na magharibi mwa hifadhi, mvua huongezeka. Nyumbu wanalijua hilo kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha. Msimu wa mvua wako kusini kwenye majani mafupi. Ardhi ikikauka wanakuja upande wa Grumeti, jirani na Bunda, kisha upande wa mto Mara. Wanyama hao hawafuati kalenda, wanafuata mvua.

ZIWA LETU LIKO MAGHARIBI

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna bahari upande wa magharibi, ila tunalo Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, ambalo uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo kijana aliyesoma Luka 12 aweza kusema: maji mengi yako magharibi, basi mvua ya Butiama hutoka magharibi. Ni hoja nzuri, lakini mbingu yenyewe inaikataa siku nyingi. Chukua siku moja ya Novemba, au ya Aprili, uifuatilie tangu asubuhi mpaka usiku.

Asubuhi mbingu ni nyeupe au ya buluu, nchi imepoa. Jua likipanda, ardhi hupata moto upesi, bali maji ya ziwa hukaa karibu na joto lilelile la siku zote. Hewa ya juu ya nchi kavu hupanda kwa sababu ni nyepesi, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwani. Musoma mjini waupata mapema. Huku kwetu vilimani unafika baada ya adhuhuri, mwanana, wenye ubaridi kidogo, nao kweli unatoka magharibi. Kufikia hapo kijana wetu bado anajiona mshindi.

Lakini ng'ambo ya pili kuna upepo mkubwa zaidi, ule wa mashariki, unaovuka nchi nzima kutoka Bahari ya Hindi. Pepo hizi mbili zinakutana juu ya nchi kavu, mashariki mwa ziwa. Watu wawili wakikutana kwenye kijia chembamba mmoja hupisha. Hewa haina pa kupisha ila juu. Ndipo utaona, kati ya saa saba na saa tisa mchana, mawingu yanaanza kujipanga upande wa Serengeti na upande wa milima ya Tarime, yakirefuka kama chungu kinachofurika povu.

Mtu aliyeyapa mawingu majina yanayotumika duniani kote hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Luke Howard wa London alikuwa mtengenezaji wa madawa, ambaye mapenzi yake yalikuwa kutazama mbingu baada ya kazi. Mwaka 1802 alisoma mbele ya rafiki zake insha aliyoyagawa mawingu kwa majina ya Kilatini: kumulasi, maana yake lundo, stratasi, yaani tabaka, sirasi, yaani shungi la nywele, na nimbasi kwa wingu la mvua. Wasomi wa Ulaya wakayakubali. Nalitaja hili ili msomaji asiogope na kudhani elimu hii ni ya wenye vyombo tu. Katika madarasa yangu niliwaambia walimu wanafunzi waseme lundo, tabaka na shungi, wala wasikariri Kilatini wasichokielewa. Mtoto aliyezoea kuchora wingu kama fungu la pamba kila mara, ukimpa maneno hayo matatu, huanza kuona mbingu upya.

Hayo malundo ya alasiri ndiyo ya kuangaliwa. Lundo dogo lenye chini tambarare na juu mviringo, ambalo upana wake umezidi kimo chake, halina neno. Ni wingu la siku njema. Likiwa kimo kimezidi upana, kaa macho. Likiendelea hadi kichwa chake kikapoteza yale mabonge makali kama ua la koliflawa, kikawa laini chenye nyuzinyuzi, ujue kichwa hicho kimekuwa barafu. Usishangae kusikia barafu karibu na ikweta. Kilimanjaro chenye mita 5,895 kina barafu kileleni, na wingu la radi katika nchi zetu hupanda zaidi ya mara mbili ya kimo hicho. Mwisho kichwa hugonga mahali ambapo hewa haipandi tena, kikatandazika kama fuawe la mhunzi. Ncha ndefu ya fuawe huonyesha pepo za juu zinaelekea wapi. Kwetu aghalabu huelekea magharibi, yaani kuja tuliko.

Hapo ndipo kanuni ya Palestina inapogeuka. Wingu lile lililozaliwa mashariki husukumwa polepole kuelekea magharibi, likapita juu yetu jioni. Dalili yake ya karibu haikosi: upepo wa ziwani uliokuwa ukivuma tangu mchana unakatika ghafla, majani ya migomba yanatulia, kisha upepo mwingine wa baridi unapiga kutoka mashariki ukiwa na vumbi na harufu ya udongo ulioloa. Hiyo ni hewa iliyoporomoka kutoka ndani ya wingu pamoja na mvua, nayo hutangulia mbele kama mjumbe. Toka hapo una dakika chache tu za kuanua mahindi.

Mashariki zaidi, katika nyanda za juu za Kenya, pepo hizo zinapokutana na milima matokeo ni makali. Kericho, kwenye mashamba ya chai, ni mahali panapojulikana duniani kwa wingi wa siku za mvua ya mawe.

JINA LA MVUA

Wazee wetu waliishi na mambo haya kabla ya vitabu. Hapa Butiama tunao ushahidi usiofutika. Aprili 13, 1922, katika masika, alizaliwa mtoto wa Chifu Burito Nyerere, na kwa kuwa siku hiyo ilinyesha mvua kubwa aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Baadaye alibatizwa Julius, na ulimwengu ukamjua kama Mwalimu. Baba yake naye, Nyerere, jina lake kwa Kizanaki ni viwavijeshi, kwa sababu alizaliwa wakati wadudu hao wameivamia nchi.

Sisi Wakristo hatuabudu mizimu, na hilo halina mjadala. Lakini mwalimu mzuri haachi kuona kwamba majina hayo mawili, la baba na la mwana, yote ni majina ya hali ya hewa. Viwavijeshi navyo huja na mvua. Nondo wao huruka usiku wakibebwa na upepo mbali sana, na pale pepo za mvua zinapokutana hukusanywa pamoja, wakashuka na kutaga kwenye majani machanga. Siku chache baadaye mayai yanaanguliwa, na baada ya wiki mbili au tatu shamba limekwisha. Ndiyo sababu mvua za mwanzo baada ya ukame mrefu huleta hofu ya wadudu hao pamoja na furaha. Mkulima anayeandika tarehe ya mvua yake ya kwanza anajua pia ni lini akague mahindi yake kwa makini.

USIKU MAMBO HUGEUKA

Sasa tumefika mahali ambapo somo hili si la kujifurahisha tu. Jua likizama, nchi kavu hupoa haraka, bali maji ya ziwa hubaki na joto lake. Upepo wa mchana unageuka: hewa ya baridi ya nchi kavu inateremka kuelekea ziwani. Inatoka Mara, inatoka Mwanza, inatoka Kagera, inatoka Uganda na Kenya, yote inaelekea katikati. Ikikutana juu ya maji yenye joto haina njia ila kupanda tena. Kwa hiyo mvua na radi ambazo mchana zilikuwa juu ya nchi, usiku zinahamia juu ya ziwa, na kilele chake ni baada ya usiku wa manane mpaka asubuhi. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili haitoki katika mito. Huanguka moja kwa moja juu yake, nayo huanguka usiku watu wakiwa wamelala.

Lakini wako wasiolala. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, hasa usiku usio na mbalamwezi. Vijana wetu wa Mwigobero, wa Majita na wa visiwani kama Rukuba wanatoka jioni wakati mbingu ya ziwani ni safi kabisa, nyota zimeanza kuonekana, maji yametulia. Wanaangalia magharibi, hakuna wingu. Kwa kanuni ya Palestina hakuna mvua. Saa tisa ya usiku wamo katikati ya dhoruba, na ule upepo mjumbe niliousema, ambao huku Butiama unaangusha nguo kwenye kamba, ukifika juu ya maji unapindua mtumbwi. Hakuna kijiji cha kando ya ziwa kisicho na kaburi la namna hiyo, na yako makaburi mengine yasiyokuwepo kwa sababu miili haikupatikana.

Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Mbelgiji Wim Thiery lilitoa matokeo ya kuchunguza dhoruba za ziwa hili kwa picha za setilaiti. Waliona kwamba dhoruba kubwa za nchi kavu wakati wa alasiri, mashariki mwa ziwa, hutangulia dhoruba kubwa za usiku juu ya maji. Yaani mbingu ya mashariki ya alasiri ni barua inayosomwa usiku ziwani. Walionya pia kwamba kadiri dunia inavyopata joto, mvua kali za juu ya ziwa zitaongezeka nguvu kuliko zile za nchi kavu inayolizunguka. Niliposoma habari hiyo nilifurahi na kuhuzunika kwa pamoja. Kinachohitajika ili kuisoma barua hiyo ni macho, nayo tunayo. Ila mvuvi aliyezoea kuangalia maji yake huwa ameipa mgongo.

Kwa hiyo nawaambia wavuvi na wazazi wa wavuvi: ukiona saa tisa au saa kumi alasiri malundo marefu yenye fuawe yamejaa upande wa Serengeti na Tarime, usidanganywe na ziwa jeupe la jioni. Mimi kijana wangu nisingemruhusu kutoka usiku huo, hata kama mwezi umezama na dagaa ni wengi. Na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilizwe. Siku hizi wana rada Mwanza, na tangu mwaka 2017 nchi za ziwa zilipoanza mradi wa pamoja wa kuboresha utabiri, habari za ziwa hutolewa kwa redio na kwa simu. Mtu akisema utabiri uliwahi kukosea, na amwulize jirani yake ni mara ngapi macho yake mwenyewe yamekosea. Vitumike vyote viwili.

Dhoruba hizo za usiku nazo husukumwa na upepo wa mashariki. Ndiyo maana zinaishia ng'ambo ya pili. Bukoba hupata milimita 2,000 hivi za mvua kwa mwaka, na Musoma haifiki nusu ya hiyo, ingawa miji yote miwili inakunywa ziwa moja. Bukoba mvua yake nyingi ni ya asubuhi, yetu ni ya alasiri na jioni. Wasomaji wanakumbuka asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, watu 19 wakafariki na 24 wakaokoka, wavuvi wakiwa wa kwanza kuwafikia. Mahali pale na saa ile ndipo mawingu ya usiku yanapomalizia safari yake.

SIKU ZINAZOVUNJA KANUNI

Msije mkasema mwalimu amefuta mvua ya magharibi. Ziko siku upepo mkubwa wa mashariki unapolegea, na badala yake unavuma wa magharibi kutoka misitu ya Kongo, wenye unyevu mwingi. Mara nyingine unavutwa na kimbunga kilichoko mbali, karibu na Madagaska. Mwezi Machi 2018 ilitokea hivyo, mvua zikawa nyingi mno katika Afrika Mashariki. Siku kama hizo huzitambui kwa malundo na fuawe. Mbingu yote inakuwa tabaka la kijivu tangu asubuhi, mvua ni ya polepole na ya saa nyingi, radi ni chache, na wingu linatoka magharibi kama katika Luka. Mkulima azipende siku hizo, kwa maana maji yake huingia ardhini badala ya kukimbilia korongoni.

Iko pia miaka inayovunja kanuni. Bahari ya Hindi ikipata joto kupita kawaida upande wa Afrika, na kupoa upande wa Indonesia, vuli yetu inafurika. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Mvua zilianza kabla ya Desemba 9, na ziwa likaendelea kupanda mpaka 1964 kwa zaidi ya mita mbili. Ilikuwa hivyo 1997, mvua ambazo kila mtu anaziita za El Nino. Ilikuwa hivyo tena 2019, na Mei 2020 ziwa likavuka alama ya 1964, mashamba na nyumba za kando zikazama. Waliojenga ufukweni katika miaka ya ukame walijenga juu ya sakafu ya ziwa lenyewe.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Tafuta daftari, hata lile alilolibakiza mtoto. Kila siku andika mara mbili tu: saa kumi alasiri, mbingu ya mashariki ilikuwaje, lundo dogo, lundo refu, fuawe, au tabaka, na asubuhi yake, usiku ulikuwaje upande wa ziwa, umeme ulionekana au haukuonekana. Umeme wa ziwani huonekana vizuri ukisimama mahali pa juu, hata ngurumo zisipokufikia.

Mvua ikinyesha, ipime. Chombo cha dukani si lazima. Kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo sawa na kitako, liwekwe mahali pa wazi mbali na paa na miti, kisha asubuhi rula isomwe. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Paa la bati la mita 7 kwa 10 likipata milimita 20 linamwaga lita 1,400, na akina mama wanaotembea na ndoo wanaweza kufanya hesabu iliyobaki wenyewe.

Kwa walimu wa shule za msingi: wafundisheni watoto kuhesabu. Umeme ukimulika, waanze moja, mbili, tatu kwa mwendo wa sekunde, mpaka wasikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Hesabu isipofika thelathini, wote waingie darasani, wala asibaki mtu chini ya mwembe wala uwanjani, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mpira wa miguu utangoja.

Wanaotaka, waanze daftari zao mwanzo wa Oktoba na kuzileta kanisani Jumapili ya kwanza ya Januari, baada ya ibada. Tutakaa na za Butiama upande mmoja, za Musoma upande mwingine, na kama tukipata hata moja kutoka Rukuba tutaiweka katikati, tuone alasiri ngapi za fuawe huku zilifuatwa na usiku wa dhoruba kule.